Barua kwa mwanangu: mtoto aache Kifaransa au aendelee?

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye basi sikusikia vizuri. Unasema mjukuu wangu anaingia gredi ya 9 na anataka kutoka imesheni, ule mpango wa kufundishwa masomo kwa Kifaransa, eti Kifaransa kitamshusha maksi akose yunivasiti, sasa unauliza umkazanie kama mimi nilivyokukazania au umwache. Ukamalizia "mama ulikuwa mkali bure". Haya.

Kwanza krediti, yaani hesabu ya masomo anayomaliza na kufaulu, maana naona hakuna aliyemhesabia. Diploma ya sekondari hapa Ontario, Kanada, ni krediti 30, na cheti cha imesheni kinachokaa juu yake kinataka 10 tu kati ya hizo, 4 za Kifaransa chenyewe na 6 za masomo mengine yanayofundishwa kwa Kifaransa. Jiografia ya gredi ya 9 na historia ya gredi ya 10 ni lazima azisome apende asipende, basi azisome kwa Kifaransa, zinabaki 4 za kutafuta kwa miaka minne. Hesabu na fizikia zinazomtia homa azifanye kwa Kiingereza, nani kamkataza? Na kama shule yao ina ile ya Extended, mpango wa Kifaransa ulio mwepesi kuliko imesheni, cheti chake ni krediti 7. Mtoto kashakaa masaa 3,800 na zaidi darasani kwa Kifaransa tangu yuko mdogo, aache kwa sababu ya hizo?

Hii hesabu ningeijua enzi zako usingelia vile. Mimi nilidhani ni yote au basi, nikakuacha mpaka na hesabu unasoma kwa Kifaransa, halafu umefika yunivasiti unaijua Bouclier canadien, lile eneo la miamba ya kale la Kanada, lakini kwa Kiingereza huijui inaitwaje. Hapo kweli nilikosea. Ila na mimi nilikuwa na hasira, mshauri mmoja wa shule alinikalisha akaniambia mtoto anayeongea Kiswahili nyumbani asibebeshwe lugha ya tatu, nikatoka pale nimefura hata koti nikasahau.

Na Kifaransa changu kilikuwa bonjour tu! Unamkumbuka yule mama wa Bukavu wa ghorofa ya chini? Ukikwama unashuka na daftari, anakwambia kwa Kiswahili chao, j'ai mangé ni nimekula, je mangeais ni nilikuwa nakula, ukapanda ngazi unapiga kelele mama kumbe Kifaransa nacho kina "-me-". Hela alikataa, nikawa namshushia sambusa.

Ya kazi usimdanganye mtoto. Cheti hakimpi kazi, serikali hapa Ottawa inakupima upya yenyewe, kusoma, kuandika na kuongea, na ile bonasi ya lugha mbili ni dola 800 kwa mwaka, haijapanda tangu 1977, wala usijisumbue kuipigia hesabu. Lakini nilizisafisha zile ofisi usiku miaka 9 na nilikuwa naona matangazo yaliyobandikwa ukutani, ya vyeo vizuri mengi yanataka lugha zote mbili. Gredi ya 12 wakimpa nafasi ya DELF, mtihani wa kimataifa wa Kifaransa, afanye, akipata ngazi ya B2 karatasi ile haiishi muda.

Njooni Jumapili na ile fomu ya kuchagua masomo kabla hajairudisha, aje nayo yeye mwenyewe na kalamu ya risasi. Wewe utakaanga sambusa.

Mama