Dawa ya mawe ya nyongo na mwili unaowasha: jibu la mfamasia kwa bondia

SWALI: Nina miaka 31, ni bondia wa ridhaa, kilo 70. Altrasaundi ilionyesha mawe mawili kwenye mfuko wa nyongo, kubwa lina milimita 6. Nimeandikiwa asidi ya ursodeoksikoliki, miligramu 300 asubuhi na 300 jioni. Sasa mwili unawasha, hasa nikitoka mazoezini. Ni dawa? Itanikamatisha kwenye vipimo vya doping? Na je, niendelee kukata uzito? Kabla ya pambano hushusha kilo 6 kwa wiki mbili.

JIBU: Kaka, dawa hii ikimsumbua mtu, mara nyingi humharisha. Mzio wa ngozi hutokea, ila ni nadra. Hayo maneno yako "hasa nikitoka mazoezini" ndiyo yananifanya nitazame kwingine. Vikitokea vipele vidogo vyekundu dakika chache baada ya mwili kupata joto, kisha vikapotea ndani ya saa moja hivi, huo ni mzio unaoamshwa na joto na jasho, na vidonge vya mzio husaidia. Ukiwashwa mapajani, kwapani au katikati ya vidole vya miguu, na ngozi inabanduka pembeni, fikiria fangasi kwanza. Glavu na taulo za kuazimana jimu zinajulikana kwa hilo.

Kuwasha kwa nyongo kuna sura yake. Huanzia viganjani na kwenye nyayo, huzidi usiku, na ngozi haina kipele isipokuwa alama za kucha. Mawe yaliyotulia mfukoni hayawashi. Tatizo huja jiwe linapoteleza na kuziba mrija mkuu, nyongo ikarudi nyuma kuingia kwenye damu: mkojo unakuwa mweusi, choo kinapauka, macho yanageuka manjano. Kwa hiyo kapime bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo) kwenye damu, na vimeng'enya vya ini, wiki hii, hata kama unaamini ni jasho tu.

Sasa swali langu kwako, na umjibu daktari wako kwa ukweli: kuna vidonge vya kujenga misuli unavyomeza? Steroidi za kumeza kama stanozolol huweza kukwamisha nyongo ndani ya ini lenyewe, na mtu akawashwa mwili mzima bila jiwe lolote kusogea. Wapo wanaomeza dawa za nyongo juu ya steroidi wakidhani wamelilinda ini. Hawajalilinda. Kuhusu doping, asidi ya ursodeoksikoliki haimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku ya WADA, shirika la dunia la kupambana na doping. Steroidi zimo, wakati wa mashindano na nje yake.

Dozi yako ni sahihi: miligramu 8 hadi 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ila dawa huyeyusha mawe ya lehemu (kolesteroli) peke yake, tena madogo, mfuko ukiwa bado unajikamua vizuri. Yenye chokaa hayaguswi, wala yale meusi wanayopata wenye selimundu. Altrasaundi haitofautishi aina hizo vizuri, basi muulize daktari kama siti skani inahitajika. Kazi yenyewe huchukua miezi 6 hadi 24, na karibu nusu ya waliopona huota mawe mapya ndani ya miaka 5. Tena si dawa ya maumivu: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2006, kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji, haukuona ikipunguza mashambulizi. Kama unabanwa chini ya mbavu za kulia kila ukila chipsi, mimi ningekushauri upasuaji wa matundu madogo wa kuutoa mfuko wa nyongo.

Kukata uzito ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Hata kama sehemu yake ni maji ya jasho, kilo 3 kwa wiki ni nyingi mno. Hatari ya mawe hupanda ukizidi kilo moja na nusu. Mafuta ya mwili yakiyeyuka kwa kasi, ini humwaga lehemu nyingi kwenye nyongo, na kwa kuwa huli mafuta, mfuko hausukumwi kujikamua. Kweli dawa yako hukinga hapo: mwaka 1995, kati ya Wamarekani waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza unene, mawe yaliwaota asilimia 32 ya waliopewa kidonge bandia na asilimia 2 tu ya waliopewa miligramu 600 kwa siku. Lakini wale hawakuwa na mawe tayari. Wewe unayo. Pigana kwenye daraja la uzito lililo juu ya lako msimu huu, au anza kushuka miezi miwili kabla, ukila mafuta kidogo kila mlo.

Ukipata homa na kutetemeka pamoja na macho ya manjano, usisubiri kliniki. Nenda hospitali usiku huohuo.