Shahada kwanza au kozi kwanza? Nilivyomjibu mpwa wangu aliyetoka Monduli

Mpwa wangu ametoka Monduli, chuo cha maofisa wa jeshi letu la Tanzania, na nyota yake moja ya Luteni Usu begani. Hata wiki mbili hazijaisha tangu aripoti kikosini, akanipigia simu usiku. "Shikamoo mjomba. Naomba ushauri. Nianze shahada ya uzamili sasa hivi au nisubiri?" Wenzake wawili walikuwa wameshajaza fomu za chuo, na yeye hakutaka kuachwa nyuma.

Nikamwambia asubiri, nitamwandikia. Swali lake lilinichelewesha miaka mitatu nilipokuwa kazini, na sikutaka kulijibu juu juu kwenye simu. Nimestaafu nikiwa Luteni Kanali. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeondoa ya kifamilia tu, na nayaweka hapa kwa ajili ya vijana wengine walioapa mbele ya Amiri Jeshi Mkuu na sasa wanatazama mbele.

Maluteni usu wengi hawaelezwi mapema kwamba shahada ya chuo kikuu na kozi ya kijeshi hazifanyi kazi moja. Shahada inaonyesha una kichwa cha kusoma. Inaweza kukufungulia mlango wa kuingia jeshini, na ikiwa wewe ni daktari, mhandisi au mwanasheria, ndiyo inayokupangia kazi. Lakini sifa ya kuvaa cheo kinachofuata unaipata kwenye kozi. Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli kinakufikisha kwenye kamisheni, yaani kuapishwa kuwa ofisa, unatoka Luteni Usu. Ukishakuwa Kapteni unarudi darasani kwa kozi ya makamanda wa kombania, unafundishwa kuongoza watu mia na zaidi badala ya platuni ya watu thelathini. Baadaye kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu (unadhimu ni kazi ya kumsaidia kamanda kupanga na kuamua) kule Duluti, Arusha, ambako Meja au Luteni Kanali anajifunza kufikiri kwa kiwango cha brigedi na divisheni. Na kwa wachache wanaofika huko, kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, ambako makanali na mabrigedia wanakaa darasa moja na watumishi waandamizi wa Serikali na maofisa wa nchi rafiki, wakijadili usalama wa taifa kwa upana wake.

Ngazi hii huwezi kuruka kipandio. Halafu hata ukiwa na kozi, ipo ikama, yaani idadi ya nafasi zilizopangwa. Kombania ina kamanda mmoja, kikosi kina mkuu mmoja, nchi nzima ina Mkuu wa Majeshi mmoja. Nafasi inapotokea, jina lako lisomwe likiwa limekamilika: kozi umefanya, muda katika cheo umetimia, taarifa za kila mwaka anazoandika mkuu wako juu yako ni safi, afya nzuri. Likipungua moja, anasomwa anayefuata, na hakuna atakayekuja kukueleza kwa nini.

Sasa nieleze yaliyonipata.

Niliingia jeshini na cheti cha kidato cha nne. Nilianza kuruta, nikafika Sajenti, ndipo nikachaguliwa kwenda Monduli. Kwa hiyo nilipokuwa ofisa nilikuwa na kiu ya shule isiyoelezeka. Kila nilipokaa na maofisa wenye shahada nilijiona nimepungukiwa. Chuo Kikuu Huria kilipoanza kudahili wanafunzi mwaka 1994 nilifurahi kama mtoto, maana sasa mtu wa kambini angeweza kusoma bila kuacha kazi. Nilipokuja kujiunga nilisoma usiku kwa taa ya chemli tulipokuwa porini, na nilisoma kwenye basi nikienda likizo.

Nikiwa Kapteni, nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kumaliza, jina langu likatoka kwenye orodha ya kozi ya makamanda wa kombania. Nikaenda kwa mkuu wangu nikaomba niahirishe hadi mwaka unaofuata. Alinitazama kwa muda, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema ndiyo, afande.

Mwaka uliofuata kikosi kilikuwa na majukumu mengi, maofisa hawakuruhusiwa kutoka. Mwaka wa tatu nafasi zilikuwa chache na zikapewa waliokuwa wanasubiri bila kuahirisha. Haki kabisa. Niliingia kozini mwaka wa nne. Siku ya kwanza darasani, mmoja wa wakufunzi alikuwa mtu niliyelala naye hanga moja, yaani bweni moja, Monduli. Ameshakuwa Meja, cheo kimoja juu yangu. Nilisimama nikampigia saluti kama inavyotakiwa, naye akaipokea vizuri, na usiku alinifuata tukazungumza kwa upole. Lakini sikulala vizuri usiku ule.

Hakuna aliyenionea. Niliomba mwaka mmoja, ukazaa mitatu, na miaka hiyo haikurudi tena. Tukumbuke kwamba jeshini umri wa kustaafu unafuata cheo. Anayechelewa kupanda anaondoka mapema, akiwa bado na nguvu, na kiinua mgongo chake kinakokotolewa kwa mshahara wa cheo alichoishia. Familia yako nayo inaibeba gharama hiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa wangu lilikuwa fupi: jina lako likitoka kwenye orodha ya kozi ya kijeshi, nenda. Mke amejifungua, panga na mama yako aje asaidie. Nyumba haijaezekwa, itakusubiri. Mtihani wa chuo kikuu unaweza kuuahirisha kwa barua moja. Kozi haina uhakika huo.

Wapo watakaosema huyu mzee anawakatisha vijana tamaa ya elimu. Sivyo. Mtazameni Rais mstaafu Kikwete. Alimaliza shahada ya uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1975, akapata kamisheni mwaka 1976 akiwa Luteni. Pamoja na shahada hiyo, na pamoja na kazi zake za chama, mwaka 1983 alirudi Monduli kwa kozi ya makamanda wa kombania kama ofisa mwingine yeyote. Alipoondoka jeshini mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi ulipoingia, alikuwa Luteni Kanali. Shahada yake ilimsaidia, lakini haikumwondolea kozi.

Na siku hizi vijana mmebahatika. Monduli yenyewe inatoa Shahada ya Sayansi ya Kijeshi kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, hivyo baadhi yenu mnavalishwa nyota na shahada kwa pamoja. Sisi tulizitafuta kila moja kwa njia yake, na njia hizo ziligongana.

Shahada yangu ilinifaa nini, basi? Ilinifaa Duluti, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipowaona maofisa hodari wakianguka.

Jeshi letu linaongea Kiswahili. Kwenye gwaride ni mguu sawa, nyuma geuka. Redioni ni Kiswahili, kwenye mapambano ni Kiswahili. Ni fahari yetu. Lakini chuo cha unadhimu kinapokea maofisa wa nchi nyingine, na kazi za kuandika ni Kiingereza. Niliwaona makamanda ambao porini ungewafuata popote, wakikaa mbele ya karatasi hadi saa nane usiku na hawajamaliza ukurasa. Mimi insha za Chuo Kikuu Huria zilikuwa zimenizoesha. Hata hivyo, andiko langu la kwanza lilirudishwa na maneno haya pembeni: "Umeeleza kila kitu isipokuwa unataka kamanda afanye nini." Maneno yale nimeyabeba hadi leo. Mnadhimu haandiki ili aonekane amesoma. Anaandika ili mtu mwenye dakika tano, aliyechoka, afanye uamuzi sahihi kuhusu maisha ya watu.

Hiyo stadi haifundishwi kwa wiki mbili kabla ya kozi. Anza ukiwa na nyota moja. Soma gazeti la Kiingereza kila siku, andika ukurasa mmoja kila wiki kuhusu jambo lolote la kikosi chako, mpe ofisa aliyekutangulia akusahihishe. Ukipata nafasi ya Kifaransa, ichukue. Mwaka 2013 Tanzania ilipopeleka wanajeshi mashariki mwa Kongo kwenye ile Brigedi Maalumu ya Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kule wananchi unaongea nao Kiswahili chako cha nyumbani, ila taarifa za misheni zinakwenda kwa Kiingereza na Kifaransa. Ofisa anayeweza zote tatu anatafutwa.

Jambo jingine ni taarifa ya siri ya kila mwaka. Wapo wanaofanya kozi zote na hawapandi. Mwaka mmoja nilisaini yangu bila kuisoma, nikiona aibu kumwomba mkuu muda wa kuipitia. Ilikuwa na mstari mmoja usio sahihi kuhusu kazi niliyopewa, na kuusahihisha kulichukua miezi. Soma kabla ya kusaini. Ukiwa na hoja, itoe kwa heshima, kwa maandishi, kwa kufuata ngazi. Na kozini napo unaandikiwa taarifa, inakufuata kikosini. Kwenda kozi na kurudi na alama dhaifu kunaweza kukuharibia kuliko kutokwenda.

Kwa madaktari, wauguzi, wahandisi na marubani: taaluma yenu inawapandisha hadi mahali fulani, na pale juu mnakutana na sisi wa infantria, askari wa miguu, kwenye ngazi ileile. Nimemfahamu tabibu mzuri sana aliyeziona kozi za ukamanda kama kupotezewa muda wa wagonjwa. Wagonjwa walimpenda hadi siku anastaafu. Ila kila alipotakiwa mtu wa kuongoza, aliletwa mwingine.

Vijana huniuliza pia kuhusu wazee wa zamani, kwamba mbona Jenerali Musuguri aliingia KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) mwaka 1942 kama askari wa kawaida na akafika kuwa Mkuu wa Majeshi. Ni kweli, na tunamheshimu. Ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 kwenye vita vya Kagera. Lakini angalieni alikopita. Alikuwa mkufunzi miaka mingi kabla Mwafrika hajaruhusiwa kuwa ofisa kamili, na mwenye kufundisha anajifunza mara mbili. Na maasi ya askari wa Tanganyika ya Januari 1964 yalitokana na mishahara pamoja na manung'uniko kwamba maofisa walikuwa bado Waingereza. Yalipotulia, Mwalimu Nyerere alimkabidhi jeshi Mrisho Sarakikya, aliyekuwa Kapteni na amepitia Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza. Waafrika waliokuwa wamepewa mafunzo ya uofisa walihesabika kwa vidole. Mimi nikikumbuka hilo, sioni kozi kama adhabu. Kuna watu walinyimwa darasa hilo kwa sababu ya rangi yao tu.

Ndiyo maana nakereka, na nasema wazi, ninaposikia kijana anatafuta njia ya kukwepa kozi kwa sababu kuna baridi Monduli au kwa sababu biashara yake ya bodaboda itakosa msimamizi.

Kuhusu shahada ya uzamili, nilimwambia mpwa wangu asubiri. Ajifunze kwanza platuni yake: majina ya watu wake wote, nani ana mtoto mgonjwa, nani hajui kusoma ramani. Amalize miaka miwili hivi, apate Luteni, ndipo ajiandikishe masomo ya jioni au ya masafa, na achague fani itakayomfaa unadhimuni: lojistiki, uhusiano wa kimataifa, teknolojia ya habari. Aombe ruhusa kwa maandishi kabla ya kulipa ada. Akifika Kapteni awe ameshamaliza, meza iwe safi, asije akasimama mbele ya mkuu wake kama nilivyosimama mimi.

Alinijibu siku mbili baadaye. Hakubishana. Aliambatisha kurasa tatu za Kiingereza kuhusu utunzaji wa magari kikosini kwao, andiko lake la kwanza la wiki. Nimelirudisha na wino mwekundu, nimemwambia alipunguze liwe ukurasa mmoja na aseme anataka mkuu wake afanye nini. Bado nalisubiri.