Jibu: Kwa nini nikizidiwa na huzuni najiweka hatarini?

Mdogo wangu wa Ngamiani, pole. Umeuliza kwa nini kila huzuni ikikuzidi unalala na mwanamume mwenzako usiyemjua, bila kondomu, asubuhi unajichukia hadi unawaza kufa.

Kwanza hilo la kulala na mtu juzi bila kondomu: kama saa 72 hazijapita, nenda leo hii hospitali ukaombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya kujiweka hatarini. Kila saa ina thamani. Humezwa siku 28. Sema ulifanya ngono bila kinga na mtu usiyejua hali yake, inatosha. Baadaye uulizie PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya hatari.

Huna upungufu wa akili. Mwaka 2003 Ron Stall na wenzake walichapisha utafiti wa wanaume wanaolala na wanaume katika miji mikubwa ya Marekani, wakitazama mizigo minne: sonono, dawa za kulevya, kupigwa na mpenzi, kunajisiwa utotoni. Aliyebeba mizigo mingi zaidi ndiye aliyekuwa kwenye hatari zaidi ya VVU. Nami naliona hapa hapa Tanga. Mtu anayejificha nyumbani, mtaani, hata msikitini, akikumbatiwa usiku mmoja huogopa kutaja kondomu asije akaachwa.

Kwa hiyo kondomu peke yake haitoshi, sonono nayo itibiwe. Na hayo mawazo ya kufa, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, kabla hujalala.