Funguo za gari lako ziko kwangu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa jana nimeusoma mara mbili. Umeuliza kama nimpe kaka yako, mtoto wa mama yako mdogo, funguo za gari Jumamosi awapeleke watu wa harusi Pangani, ukamalizia, "Bima si ipo, Mama?" Ningekupigia, lakini kwenye simu wewe huishia kusema sawa, sawa, kisha unakata. Hili nataka ulisome umekaa.

Bima ipo. Asubuhi nilivaa miwani nikaenda pale chini ya mwembe, nikaitoa ile bahasha ya plastiki kwenye dashibodi. Cheti kina miezi minne mbele. Nikamwomba binti wa jirani aingize namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, wa kuhakiki bima, ikatokea, na tarehe ni zilezile. Lakini baba, ulichokata wewe ni bima ndogo, ile ya shilingi 118,000. Nadhani umesahau, maana umeniandikia kama mtu mwenye bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe.

Bima ndogo ni ya mtu wa nje, yule atakayegongwa. Kaka yako akiliingiza gari mtaroni njia ya Pangani, fundi wa kunyoosha bodi utamlipa wewe. Likiibiwa nje ya ukumbi, limeibiwa. Yeye hana fedha ya kukurudishia gari, wewe unajua na mimi najua, na mimi sitaki siku moja nikukute humsemeshi mtoto wa mdogo wangu kwa sababu ya bampa na taa.

Kwa kawaida bima hufuata gari. Mwenye gari akimruhusu mtu kuendesha, na huyo mtu ana leseni hai ya daraja linalohusika, mkataba unamtambua. Ndivyo ilivyo kwenye karatasi zako pia, ukurasa wa pili. Leseni yake nimeiona kwa macho, daraja D, haijaisha. Hapo sina neno naye. Neno langu ni kwamba unayemwazima gari si lazima awe ndiye atakayeliendesha.

Unakumbuka pikapu ya marehemu baba yako? Ulikuwa darasa la sita, ukauliza imeenda wapi, tukakwambia iko gereji. Haikuwa gereji. Baba yako alimwazima mwenzake wa kazini, mtu mzima, dereva wa miaka mingi, akachukue mahindi Korogwe. Wakati wa kurudi jamaa akasikia usingizi, usukani akampa kijana aliyekuwa naye, kijana hana leseni hata ya kujifunzia. Mkanyageni wakamgonga mwendesha pikipiki, mguu ukavunjika mara mbili. Tulikuwa na bima kubwa wakati ule. Kampuni ilipoona jina la dereva kwenye ripoti ya polisi ikakataa kutengeneza gari. Yule majeruhi ikamlipa, kisha ikageuka kumdai baba yako fedha hiyo.

Usiku mmoja yule rafiki alikuja kugonga mlango. Alisimama pale barazani hata kukaa hakutaka, akamwambia baba yako abadilishe maelezo, aseme huyo rafiki ndiye alikuwa kwenye usukani. Baba yako alikataa. Alisema nikidanganya hapa nimeiba, na yule majeruhi kitandani anajua nani alimgonga. Kile kiwanja cha Pongwe ndipo kilipokwenda. Sijawahi kukueleza, na sikukusudia kukueleza kwa njia hii.

Kwa hiyo nilipomuuliza kaka yako nani ataendesha wakati wa kurudi usiku wa manane, akanijibu "tutasaidiana", moyo wangu ulishtuka.

Kuna jambo jingine alilitaja juu juu tu: kila abiria anachangia 5,000 ya mafuta. Bima yako ni ya matumizi binafsi. Watu sita wakitoa fedha ili wapandishwe gari, kampuni ikiamua kuiita nauli utabishana nayo vipi? Kama mafuta ni shida, mtumie wewe ya kutosha. Ni karibu kilomita 50 kwenda, na kurudi hivyohivyo. Na akianza habari za kupitiliza Mombasa kuwasalimu wakwe, mkatalie. Kuvuka mpaka wa Kenya pale Horohoro kunataka kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya gari la kuvuka mpaka, na kwenye bahasha yako haimo.

Usidhani pia kwamba ukiwa Mwanza umelala jambo halikuhusu. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamshika anayetumia gari barabarani bila bima, na inamshika vilevile anayemruhusu mwingine alitumie.

Mimi sisemi umnyime. Ni ndugu yako, alikubeba mgongoni ulipokuwa mdogo. Mpigie wewe mwenyewe, usiniachie mimi. Mwambie usukani ni wake peke yake, akichoka walale Pangani. Kisha mwandikie ujumbe mfupi kwamba umemruhusu, kwa siku gani na safari gani, ubaki kwenye simu zenu. Mwambie pia, Mungu aepushe, likitokea la kutokea asimalizane na mtu barabarani kwa kupeana fedha: aite trafiki, majeruhi apate PF 3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na kupelekwa hospitali, nawe uitaarifu kampuni siku hiyohiyo, mkisema lililotokea kama lilivyotokea.

Ukiweza kupandisha iwe bima kubwa kabla ya Jumamosi, wakala aje akague gari na kulipiga picha, nitampokea. Muulize tu ni kiasi gani cha hasara kitakachobaki juu yako hata ukiwa nayo, maana hakikosi.

Funguo nimezitia kwenye kopo la iliki, juu ya kabati. Ijumaa baada ya swala atakuja kuzifuata, basi nipate jibu lako Alhamisi usiku.

Mama yako,
Tanga