Nyimbo za Kijapani za kuagana na joto (jibu refu, mtanisamehe)

Mkuu umesema umechoka na zile nyimbo za katuni ambazo kila mtu anazo kwenye simu. Unataka za Kijapani za kusikiliza Agosti ikiisha mpaka Oktoba, na unauliza kwa nini nyingi zina majonzi. Nilikaa Kofu, mkoa wa Yamanashi, 2014 hadi 2017. Nilikuwa nasoma, na wikiendi nasaidia kwenye shamba la zabibu la babu na bibi mmoja huko Katsunuma. Elimu yangu yote ya muziki wao niliipata kwenye redio ndogo iliyoning'inizwa kwenye waya wa kichanja cha mizabibu, kwa hiyo nipokee hivyo hivyo.

Kwanza neno lenyewe la msimu huo. Kamusi zetu zitakuambia "aki" ni vuli. Achana nazo. Vuli yetu ni mvua, ni tope na mbegu. Aki yao ni hewa kukauka, anga kwenda juu, na nyenje kunyamaza mmoja mmoja. Na kabla ya hapo kuna joto, wacha kabisa. Kofu iko bondeni, imezungukwa na milima pande zote. Agosti 2013, mwaka mmoja kabla sijafika, walipima nyuzi joto 40.7. Ungetegemea watu washangilie likiisha. Hawashangilii. Agosti ndiyo mwezi wa Obon, ambapo sehemu nyingi wafu hupokewa nyumbani tarehe 13 na kusindikizwa tarehe 16. Katikati hapo kuna tarehe 15, kumbukumbu ya mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Fataki za mwisho zinarushwa, na mwezi ukifika 31 likizo imekwisha kwa watoto wengi. Kuagana kwote kumebanwa ndani ya wiki tatu, mtunzi ana kazi gani zaidi ya kufungua dirisha?

Ukiniambia nichague mmoja tu, ni "Wakamono no Subete" wa bendi ya Fujifabric, 2007. Unaanza na mtangazaji wa hali ya hewa kwenye televisheni akisema kilele cha joto kimepita. Basi. Hakuna bahari wala msichana wa ufukweni. Jamaa anatembea, kengele ya saa kumi na moja jioni inalia kutoka kwenye spika za mtaa (karibu kila mji una spika hizo, ni za tahadhari ya majanga lakini jioni zinapiga muziki), naye anajiuliza kama zile ndizo fataki za mwisho za mwaka. Aliyeutunga, Shimura Masahiko, alizaliwa Fujiyoshida, mji ulio chini ya Mlima Fuji. Alifariki Desemba 2009 akiwa na miaka 29. Siku hizi treni ikikaribia kituo cha Shimoyoshida wanapiga wimbo huo.

Mimi niliuelewa kwa miguu. Tarehe 26 Agosti Fujiyoshida wana sherehe ya moto ya kufunga msimu wa kupanda mlima. Wanasimamisha mienge mikubwa, kila mmoja kama mita tatu, zaidi ya 70 katikati ya barabara kuu, halafu jua likizama wanaiwasha. Nilisimama karibu mno nikaunguza nyusi. Usiku wa saa nne mienge imeshakuwa makaa, watu wanarudi kituoni wananuka moshi, na upepo unaoshuka mlimani ni wa baridi. Baridi kweli kweli, mkuu, wakati mchana nilikuwa natweta. Kwenye treni nikaweka spika za masikioni nikaurudia wimbo ule mpaka Otsuki.

Wa pili ni "Shonen Jidai" wa Inoue Yosui, 1990, uliotengenezwa kwa ajili ya filamu ya jina hilo hilo. Huu ulinitoa jasho. Mstari wa kwanza unasema joto limepita, kisha linakuja neno "kazeazami". Kaze ni upepo, azami ni mmea wenye miiba. Nikapekua kamusi ya karatasi, nikapekua ya simu, sikuona kitu. Jumamosi nikamuuliza babu shambani. Alikuwa juu ya ngazi anavua vishada vile vikofia vya karatasi wanavyovivalisha zabibu. Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. Neno hilo halipo! Yosui alilibuni mwenyewe. Nchi nzima inaliimba, na kila mtu anajua linamaanisha nini bila kuweza kulieleza. Tangu siku hiyo niliacha kutafsiri nyimbo neno kwa neno.

Kamusi nyingine iko kwenye "September" wa Takeuchi Mariya, Agosti 1979, maneno ya Matsumoto Takashi. Huu una mdundo wa kuchezeka, unaweza kuupiga kwenye gari na abiria wasilalamike. Lakini sikiliza: dada ameona mwenzake kapata mwingine, anasema kesho atamrudishia kamusi aliyoazima, ila neno "upendo" kalikata na kuliondoa. Hiyo ndiyo kwaheri yake. Nimesikia taarab nyingi zenye mafumbo, hii naiweka meza moja nazo.

"Secret Base" wa bendi ya ZONE (2001) nadhani unaujua kupitia katuni ya Ano Hana. Ni mtamu, ahadi ya kukutana Agosti baada ya miaka kumi, na kweli katuni ile ikatoka 2011. Mimi umenichosha, kila karaoke lazima mtu auchague.

Wa bibi mwenye shamba ulikuwa "Kosumosu" (ni jina la ua), 1977, Yamaguchi Momoe. Sada Masashi aliutunga, na kwa maandishi yao jina linaandikwa kwa herufi za "sakura ya aki". Binti anaolewa kesho. Mama yuko uani, anakohoa kidogo, anarudia hadithi zile zile za utotoni. Hakuna zaidi. Sisi tungekuwa na sendoff, spika mbili kubwa na MC asiyenyamaza. Wao wana mama na kikohozi. Momoe alikuwa na miaka 18 alipouimba. Redio ikiupiga, bibi alikuwa anaweka mkasi chini na kusubiri uishe. Binti yake aliolewa Hokkaido.

Ukishafika Oktoba rudi kwa Fujifabric: "Akakiiro no Kinmokusei", 2004. Kinmokusei ni mti wa uani wenye viua vidogo vya rangi ya chungwa. Harufu yake ni kama asumini iliyokaa na embe bivu, na inadumu wiki moja hivi. Mara ya kwanza nilidhani jirani kamwaga sabuni ya kufulia. Nikalala nayo, nikaamka nayo, nikaanza kupita njia ndefu kwenda chuo ili nipite chini ya ule mti. Kisha ikanyesha usiku mmoja. Asubuhi vile viua vilikuwa vimelala kwenye lami, mama mmoja anavifagia kuingiza kwenye mfuko wa taka, na harufu hakuna.

Mwenye wimbo wa Septemba wa Kijapani usio na mtu anayeondoka auweke hapa, mimi bado natafuta.