Jibu: Kupata askari wa 1914 kutokana na sanamu za plastiki za wanajeshi wa Ulaya

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mtu anaweza kupata kikosi cha askari wa Mjerumani wa 1914 (Vita vya Kwanza vya Dunia, huku Afrika Mashariki) kwa mchezo wa vita wa mezani bila kuagiza sanamu za chuma kutoka Uingereza, maana nauli na ushuru vinaupita mzigo wenyewe. Inawezekana. Jeshi langu la Tanga nimeliunga lote kwa seti za plastiki za wanajeshi wa Ulaya. Ila nakutahadharisha mapema: bunduki na sare ni kazi nyepesi. Jasho litakutoka kwenye ngozi na kwa wapagazi.

Nunua plastiki ngumu ya milimita 28 (kimo cha sanamu, yaani kama kipimo cha 1/56). Ile laini ya kipimo kidogo cha 1/72 ni bei chee, lakini gundi ya plastiki haiishiki, inabidi supagluu pamoja na kipande cha waya wa klipu ya karatasi ndani ya kiungo, na rangi hubanduka kila singe inapopinda. Ile ngumu huyeyuka kidogo kwa gundi hiyo na kushikana jumla. Ioshe kwa sabuni ya vyombo kabla ya lolote.

Kofia ya Kizungu ikate usawa wa nyusi kwa kisu kikali, masikio uyaache. Juu yake jenga tarabushi kwa dongo la epoksi. Lile wanalotumia mafundi bomba linafaa, ila hukauka haraka, kwa hiyo fanya vichwa vichache kwa mkupuo na vidole viwe na maji. Tarabushi la askari wa Mjerumani lilivikwa kitambaa cha kaki chenye pazia la kukinga kisogo, na mbele nembo ya tai: nukta moja ya rangi ya fedha inatosha. Miundi imezungushiwa vitambaa. Ukiwa Dar, nenda kaitazame ile Sanamu ya Askari ya 1927 pale Samora. Ni askari wa upande wa Mwingereza, lakini mikunjo ya nguo na namna anavyoishika bunduki hutavipata vizuri hivyo kwenye picha za mtandaoni.

Bunduki zisikuumize kichwa. Mwaka 1914 kampuni nyingi za Mjerumani zilikuwa bado na Mauser ya 1871, risasi moja moja, baruti ya moshi mzito (pamba kidogo kwenye mtutu inapendeza). Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliteka mamia ya bunduki za kisasa na bombomu (bunduki za rashasha) 16. Kwa hiyo mtu akikucheka kwamba askari wako wa 1915 kashika bunduki ya Kiingereza, mwambie akasome.

Sasa ngozi. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanaelekeza ngozi ya Mzungu, na wakifika kwetu wanapaka kahawia moja, kisha wanaongeza nyeupe ili kupata mwanga. Matokeo yake ni kikosi kizima kilichopauka kama hakijawahi kuona mafuta. Nyeupe weka mbali kabisa. Anza na kahawia nzito yenye tone la buluu, hiyo ndiyo kivuli. Katikati kahawia yenye wekundu. Kwenye paji la uso, pua, mashavu na vifundo vya vidole pandisha kwa rangi ya udongo wa njano au chungwa iliyofifia. Viganja na nyayo viwe vyepesi zaidi, na hapo askari wa KAR (King's African Rifles, wa upande wa Mwingereza) watakupa kazi kwa sababu wengi walitembea peku. Halafu changanya: watu wa kampuni moja walitoka Unyamwezini, Usukumani, wengine Sudan. Sura zote zikiwa rangi moja utakuwa umepaka viatu. Tabaka ziwe nyembamba, mbili ni bora kuliko moja nzito.

Wapagazi ndio wanaosahaulika kwenye seti, wakati vita ile ilitembea vichwani mwao. Mbung'o waliua punda na farasi, mizigo ikabaki kwa binadamu, na upande wa Mwingereza pekee waliandikishwa mamia ya maelfu. Kariakoo imepata jina kwa kikosi chao, Carrier Corps. Kwa hiyo meza yenye askari thelathini na mpagazi mmoja mimi naiona ya uongo. Kumtengeneza, ondoa bunduki, mkono mmoja uinue. Kisha angalia shingo: sanamu nyingi za vita zimeinamisha kichwa kulenga, na hakuna anayebeba mzigo wa kilo 25 akiwa ameinama hivyo. Kata, ingiza waya, nyoosha. Makasha yatoke kwenye vijiti vya aiskrimu, mikeka kwenye bendeji iliyolowekwa gundi nyeupe ya mbao, kamba ni uzi.

Ukichoka na watu, tengeneza mzinga wa sentimita 10.5 wa manowari Königsberg, iliyoishia Rufiji Julai 1915, mizinga yake ikavuliwa na kupelekwa nchi kavu. Mtutu wake kwa 1/56 ni kama sentimita 7.5. Antena ya redio mbovu ina ngazi zilezile za mtutu, hata kuchonga huchongi.

Vanishi ya kupuliza isubiri siku kavu. Kwa unyevu wa pwani hutoka ukungu mweupe, na ile ngozi yote uliyoihangaikia inapauka upya. Masika mimi napaka ya brashi tu. Vichwa vya tarabushi ninavyo vya ziada, nicheki PM nikutumie vya kuanzia.