Barua kwa mwanangu: siku moja Addis kabla ya Accra

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Umeniuliza kama haya masaa 22 ya kusubiri ndege Addis Ababa, kabla hujafika Accra kuanza kazi ya kujitolea, uyakalie uwanjani au utoke uone mji. Toka. Ila panga mambo mawili tu: mahali pamoja pa kuona, na usingizi wa kutosha. Wenyeji wako wanakungoja kazini mara tu ukitua, na mtu aliyekesha njiani huanza kwa kuwa mzigo kwa wenziwe.

Anza na begi, pale kaunta ya uwanja wa ndege wa Moi, hapa Mombasa. Mapumziko yasiyofika masaa 24 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kubadilisha ndege tu, kwa hiyo begi kubwa hupitilizwa hadi mwisho wa safari. Usikisie. Soma lebo kabla begi halijaondoka kwenye mkanda: ikiwa ni ACC, linakwenda Accra, ikiwa ni ADD, litashushwa Addis na itabidi ulichukue mwenyewe. Likipitilizwa hutaliona mpaka kesho yake, basi begi la mkononi liwe na nguo ya kubadilisha, dawa, chaja, sweta nzito na adapta ya pini mbili za duara. Soketi za Ethiopia hazipokei plagi zetu za pini tatu. Ghana wanazitumia.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kikae pamoja na pasipoti. Ghana inakidai kwa wageni, na sindano iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia. Ukikitia katika begi kubwa umekwama, kwa sababu unakaguliwa kabla hujafika kwenye mabegi. Barua ya mwaliko ichapishe, iwe na anwani na namba ya simu ya mwenyeji, kwani simu huzima chaji wakati mbaya. Pasipoti ya Kenya inaingia Ethiopia bila viza, nayo Ghana ilitangaza Januari 2025 kuwafungulia Waafrika wote mlango. Hata hivyo, ruhusa ya kuingia kama mgeni si lazima iwe ruhusa ya kufanya kazi, hata isiyo na mshahara. Mwombe mwenyeji akujibu hilo kwa maandishi kabla hujasafiri.

Sasa mji wenyewe. Addis iko juu ya mita 2,300, na wewe unatoka usawa wa bahari. Ngazi mbili tatu zitakukata pumzi na huenda kichwa kikagonga. Ni hewa nyepesi ya mwinuko. Tembea polepole, kunywa maji kila mara, na siku hiyo usibebe kitu kizito. Usiku ni baridi kweli, na kati ya Juni na Septemba mvua hunyesha karibu kila siku.

Wengi hukosea kwenye saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: baada ya jua kuchomoza ndiyo saa moja. Shida huja mkizungumza Kiingereza. Dereva akikwambia kwa Kiingereza atakuja saa 2, huenda anakusudia saa mbili ya asubuhi, na wewe kwa kuwa umesikia Kiingereza umeshageuza kichwani ukangoja saa nane mchana. Ndege inaondoka hivi hivi. Tiketi hufuata saa za kimataifa, basi mwandikie dereva kwenye simu 06:00, kisha umuulize: alfajiri au mchana?

Badilisha dola chache benki ya uwanjani, za teksi, chakula na kiingilio tu, maana birr, fedha ya huko, zikibaki hazina kazi Accra. Teksi iitishiwe na hoteli, au tumia programu ya Ride ambayo bei yake unaiona. Ukishalala kama masaa mawili, nenda Makumbusho ya Taifa, upande wa Arat Kilo. Pale yupo Lucy, wenyewe humwita Dinknesh, mifupa ya kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ya miaka milioni 3.2, iliyofukuliwa Hadar, huko huko Ethiopia, mwaka 1974. Inayoonyeshwa ni nakala. Mifupa yenyewe imehifadhiwa. Soko la Merkato liache safari hii. Ni kubwa mno kwa mtu mwenye jioni moja na simu mkononi.

Kuhusu chakula: nyama ya kuchinjwa na Mkristo na ya kuchinjwa na Muislamu hutengwa huko, kwa hiyo ukitaka nyama tafuta mkahawa wa Waislamu. Wepesi zaidi ni kuomba chakula cha mfungo, tsom. Wakristo wa Orthodox hufunga nyama, maziwa na siagi Jumatano na Ijumaa, nao hupika dengu, kabichi na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, kwa mafuta tu, juu ya injera, mkate wao mpana na laini. Pilipili yao, berbere, ni kali, onja kwanza.

Kahawa kunywa alasiri, usiku itakunyima usingizi. Huikaanga mbele yako, wakakupitishia moshi uunuse, wakaitwanga na kuichemsha ndani ya jebena, chungu cheusi chenye shingo. Mizunguko ya kunywa ni mitatu: abol, tona na baraka, kila mmoja mwepesi kuliko uliotangulia. Kuondoka kabla ya baraka si adabu, basi tenga saa nzima.

Asubuhi fika uwanjani masaa matatu kabla. Ukaguzi wa kwanza uko mlangoni pa jengo, kabla hata ya kaunta, na foleni yake ni ndefu.

Ukitua Accra rudisha saa nyuma masaa matatu. Huko ikiwa saa nne ya usiku, Mombasa ni saa saba. Piga tu, simu nitaiacha wazi.

Mamako